Katikati ya Ziwa Tanganyika simu inasoma mtandao lakini haipigi, kumbe chanzo ni namba iliyoandikwa Ulaya miaka ya 80

#1 Mwana_Kibirizi

Mwakeye wana Kigoma, na wakuu wengine wote wa humu habari za saa hizi.

Uzi huu ni mrefu mniwie radhi, ila nimeuweka moyoni tangu mwaka jana na leo nimeamua niutoe. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, kabla ya kufungua banda nilifanya vibarua vya kupanda minara, kufunga antena, kuvuta nyaya, kwahiyo siongei vitu vya kusikia tu. Mdogo wangu anapiga kazi kwenye boti za mizigo zinazotoka Kibirizi kwenda upande wa Congo. Usiku mmoja mwaka jana injini iliwazimikia wakiwa mbali sana, taa za Kigoma wanaziona ndogo kule nyuma na mbele ni giza tupu, upepo umeanza na mawimbi yanawasukuma kusini. Dogo akatoa simu. Inasoma mtandao, vijiti viwili, muda mwingine vitatu, jina la kampuni limeandikwa pale juu kabisa. Anapiga, kimya, inakata. Anapiga tena, inakata. Meseji imegoma kutoka. Akaweka laini nyingine, yaleyale. Mle ndani walikuwa watu 11 karibu wote wana simu, zote zinasoma na hakuna hata moja iliyoita. Walikaa hivyo mpaka alfajiri ikapita boti nyingine ikawavuta. Walirudi wazima, tunamshukuru Mungu.

Dogo alivyotulia akaniuliza swali moja tu, kaka wewe si ndo fundi, kama mtandao haupo kwanini simu iseme upo? Nikamjibu juujuu, labda mnara ulizidiwa, labda chaji. Moyoni nilijua sijamjibu.

Nimelitafuta jibu miezi mingi, nimesoma makaratasi ya kiingereza usiku mpaka macho yanauma, na nimelipata. Nalieleza kama ninavyomweleza mteja dirishani.

Kwenye 2G, yaani GSM, mnara unahudumia watu wengi kwenye masafa yaleyale kwa kuwapa zamu. Zamu ziko 8, kila moja fupi mno, ni kama nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Simu yako inaongea kwenye zamu yake halafu inanyamaza inaongea ya mwenzako, zinazunguka hivyo haraka mpaka sikio halijui. Sasa mawimbi ya redio yana kasi ya mwanga lakini na mwanga nao unatumia muda kufika. Simu iliyo mbali isipoanza kuongea mapema kidogo sauti yake inafika mnarani zamu imeshapita inaangukia kwenye zamu ya mtu mwingine. Ndiomana mnara unaiambia simu, wewe uko mbali tangulia kiasi hiki. Na hilo agizo lina hatua, kuanzia 0 mpaka 63, kila hatua ni sawa na mita 550 hivi. Zidisha mwenyewe. Unapata kilomita 35 na hapo ndo mwisho wa reli.

Ukiwa kilomita 40 unausikia mnara vizuri tu, juu ya maji hakuna kilima wala miti ya kuzuia na minara mingi ya huku imewekwa juu ya vilima. Kwahiyo simu inasema kweli kwamba inausikia. Ila yenyewe ikibisha hodi, hodi inafika imechelewa, mnara hauitambui unaitupa. Hata 112, namba ya dharura, ingepigwa pale ingegoma hivyohivyo, maana nayo inapita mlango huohuo.

Kwanini mwisho 63? Kwa sababu waliotunga walitenga biti sita tu, yaani nafasi sita za kuandika 0 au 1, kwa ajili ya hiyo namba, na biti sita zinaishia 63. Nani walitunga? Kikundi kilichoundwa mwaka 1982 na umoja wa mashirika ya posta na simu ya Ulaya unaoitwa CEPT, baadaye kazi ikahamia ETSI, taasisi iliyoanzishwa 1988 yenye makao pale Sophia Antipolis kusini mwa Ufaransa. Simu ya kwanza ya GSM ikapigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Leo hii hati yenyewe inatunzwa na 3GPP, ushirika wa mashirika ya viwango vya simu, inaitwa TS 45.010, yeyote anaipakua bure.

Kwa miji na barabara za Ulaya kilomita 35 ni nyingi sana. Ziwa letu upana wake ni wastani wa kilomita 50, kuna sehemu linafika 72. Hakuna mtu wa Ujiji aliyekuwa kwenye kile chumba kuwaambia.

Kwahiyo hoja yangu ni hii. Tunasikia kwenye taarifa ya habari ujumbe wa Tanzania umeenda Geneva kwenye mkutano wa ITU, ule umoja wa mawasiliano wa dunia, tunabadilisha chaneli. Mimi nimeacha kubadilisha chaneli. Kule ndo inapoamuliwa simu ya mdogo wangu iite au isiite. Nataka tuelewane hizi taasisi ni zipi, nani anakaa mezani, na sisi wa huku mwisho wa reli tunaingilia wapi. Wataalam karibuni, nikikosea nisahihisheni.

#2 Mama_Migebuka

Pole sana kaka, na mdogo wako mpe pole, hilo ziwa usiku silitamani hata kidogo.

Mimi swali langu lipo karibu na hilo. Nachukua samaki mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi, nikifika tu simu inanikaribisha nchi nyingine wakati nimekaa kwenye ardhi ya Tanzania kabisa. Mara ya mwisho nilipiga simu mbili fupi na data ilikuwa imewaka, salio lote la elfu nane likaisha. Niliwapigia huduma kwa wateja wakasema nilikuwa nje ya nchi. Mimi sijavuka mpaka! Hilo nalo linaamuliwa hukohuko Geneva?

#3 Mwanafunzi_Tabora

Kaka Mwana_Kibirizi salute sana, umeeleza vizuri kuliko alivyotufundisha lekchara. Nipo Tabora nasoma mawasiliano mwaka wa tatu, naomba nisahihishe kitu kimoja kwa heshima.

Kilomita 35 ni ya kawaida lakini sio ukuta wa zege. Ndani ya GSM hiyohiyo kuna njia ya kurefusha, mnara unaunganisha zamu mbili zinakuwa moja ili simu ya mbali ipate nafasi ya kuchelewa, unafika mpaka kilomita 120 hivi. Australia wametumia hiyo kwenye mwambao. Na 4G imetengenezwa ikiwa na nafasi ya kufika kilomita 100. Kwahiyo kitaalam ziwa linafunikwa, swali ni nani anawasha hiyo setingi.

#4 Mwana_Kibirizi

Asante mdogo wangu, huo ndo usahihisho niliokuwa nautafuta. Ila angalia bei yake, ukiunganisha zamu mbili kuwa moja, watu unaowahudumia wanapungua nusu. Kampuni ikipiga hesabu inaona mnara wa Kigoma mjini wenye wateja wamejazana upunguzwe nusu kwa ajili ya boti tatu zilizopo ziwani usiku, haiwashi. Siwalaumu, biashara ni biashara. Kwenye karatasi njia ipo, lakini kama hakuna sheria au fungu la kuisukuma inabaki kwenye karatasi. Na 4G kufika mbali kwa sauti inataka mtandao na simu vyote viwe na uwezo wa kupiga kupitia 4G, hizi za batani ambazo mabaharia wanazipenda kwa kukaa na chaji nyingi hazina.

Mama_Migebuka nitakujibu, nipe muda nikae vizuri, lako linahitaji maelezo.

#5 Msomaji_Kasulu

Mimi nitakuwa tofauti na nyie. Hizi taasisi za kimataifa zina majina makubwa na majengo mazuri, lakini nitajieni kitu kimoja ambacho hiyo ITU imemfanyia mtu wa Kasulu. Kimoja tu. Mnara tuliopata huku umejengwa na kampuni, vocha tunanunua wenyewe. ITU haijawahi kufika Kasulu.

#6 Mzee_wa_Posta

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote kimyakimya na Msomaji wa Kasulu amenitoa shimoni.

Mimi nilianza kazi wakati wa Posta na Simu ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977 tukawa shirika letu wenyewe, nikatumikia mpaka lilipogawanywa 1994 simu huku posta kule. Nimekaa Tabora, nimekaa na Kigoma. Mtu wa Kigoma alitaka kuongea na ndugu yake Dar anakuja anabuku kwa opereta, anakaa kwenye benchi, anasubiri. Kuna waliosubiri tangu asubuhi wakaondoka jioni hawajaongea. Nikikumbuka zile sura mpaka leo roho inaniuma maana wengi walikuwa wanataka kupeleka taarifa ya msiba.

Sasa mwanangu wa Kasulu sikiliza. Huu umoja ni mkongwe kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe. Ulianzia Paris tarehe 17 Mei 1865, nchi 20, ukiitwa umoja wa telegrafu. Kabla ya hapo telegramu ikifika mpakani kama nchi mbili hazijapatana, karani anaiandika upya kwenye karatasi anamkabidhi karani wa upande wa pili naye aanze kuipiga tena kwa mashine yake. Kila nchi mashine yake, alama zake, bei yake. Wakakaa wakakubaliana. Na sisi wa huku waya ulitufikia mapema kuliko wengi wanavyojua, kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa inavuta waya wa telegrafu toka kusini kwa nia ya kufika Cairo, ukafika Ujiji ukaishia hapo. Kwahiyo Ujiji ilikuwa mwisho wa waya kabla hata treni haijafika Kigoma.

Na huyu kijana wa boti amenigusa mahali. Sheria za redio za dunia zilianza Berlin 1906, ndipo SOS ilipopitishwa kuwa alama ya chombo kilicho hatarini. Meli ya Titanic ikazama Aprili 1912, na mkutano wa redio wa London ukafanyika mwaka huohuo, ukakaza masharti ya redio za melini. Yaani tangu mwanzo kabisa shughuli ya hawa watu ni mtu aliye majini anayeita na hasikiki. Hilo la mdogo wako mwanangu ndilo la kwao hasa.

Halafu kitu kimoja ambacho vijana wengi hamjaambiwa. Mwaka 1982 mkutano mkuu wa ITU ulifanyika Nairobi. Nchi zetu zikabana, zikasema hamuwezi mkakaa mnapanga viwango vya mitambo wakati sisi hatuna hata simu. Ikaundwa tume, mwenyekiti wake Sir Donald Maitland wa Uingereza, ripoti ikatoka Januari 1985 ikasema wazi kwamba mji wa Tokyo peke yake una simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Mei mwaka huohuo dunia ikakutana Arusha, Arusha yetu hii, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa maendeleo ya mawasiliano, likatoka Azimio la Arusha la mawasiliano. Wengi mkisikia Azimio la Arusha mnajua lile la 1967 tu. Hili la 1985 ndilo lililosukuma mpaka mwaka 1989 huko Nice, Ufaransa, ITU ikaanzisha ofisi maalum ya maendeleo. Kabla ya hapo maendeleo yalikuwa kazi ya pembeni. Baada ya Nairobi na Arusha yakawa kazi yao rasmi. Mimi nilikuwa fundi wa kawaida tu wakati huo, lakini tulikuwa tunasoma zile taarifa ofisini tunapokezana karatasi mpaka zinachakaa.

#7 Mwana_Kibirizi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. Hiyo ya Arusha 1985 sikuwa naijua kabisa na nimehangaika na haya mambo mwaka mzima.

#8 Mzee_wa_Posta

Marahaba mwanangu. Endelea kuandika.

#9 Fundi_Faiba

Kwa anayeuliza ITU imemfanyia nini, mimi nachomelea faiba njia ya Urambo, Kaliua, mpaka huko Uvinza. Ule waya wa kioo unaoingia ardhini umeandikwa G.652. Hiyo ni namba ya ITU. Waya ukitoka China ukakutana na uliotoka India nauchomelea unashika kwa sababu wote wamefuata kipimo kimoja. Kisingekuwepo ningekuwa nabeba mashine tano.

Picha unayopiga na simu yako ni JPEG, nayo ITU na wenzao wa ISO, shirika la viwango la dunia. Video nyingi unazoangalia ni H.264, hivyohivyo. 255 unayoandika mbele ya namba yako ndo wao, Afrika yote inaanza na 2. Na kuna kitu watu hawajui, namba 259 iliwahi kutengwa kwa ajili ya Zanzibar, haikuwahi kutumika, Zanzibar ikakaa ndani ya 255 kwa msimbo wa eneo wa 024. Historia ya Muungano iko mpaka kwenye kitabu cha namba za simu.

Halafu tusichanganye, sio kila kitu ni ITU. Ile IMEI yenye tarakimu 15 ukibonyeza *#06#, hizo zinagawiwa na GSMA, wale wa London, ni umoja wa makampuni ya simu sio wa serikali. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mdhibiti wetu wa mawasiliano, walivyozima simu feki, watu wakalala na simu wakaamka na tochi? Msingi wake ulikuwa hiyo namba. Ile menyu ya *150* ya kutoa na kuweka pesa haimo ITU, ni USSD, iko kwenye viwango vya GSM toka ETSI, sasa hivi 3GPP. Intaneti yenyewe jinsi pakiti zinavyosafiri ni IETF, pale hakuna nchi wala kura, mtu anajiunga kwa jina lake mwenyewe kwenye orodha ya barua pepe, akiwa na hoja inayofanya kazi wanamsikiliza. Na anwani za intaneti za Afrika zinagawiwa na AFRINIC kule Morisi.

#10 Msomaji_Kasulu

Sawa, nimeelewa na Mzee nimemsikia, shikamoo mzee. Nimeomba kimoja nimepewa kumi, nakubali.

Lakini sijamaliza. Viwango vya simu zetu zote, 2G mpaka 5G, viko 3GPP. Nimeingia kuangalia nani wenye 3GPP. Ni mashirika saba. Ulaya moja, Marekani moja, China moja, India moja, Korea moja, Japani mawili. Jumla saba. Afrika sifuri. Sasa hapo hiyo Arusha 1985 imetusaidia nini kama chumba kinachoandika simu sisi hatumo?

#11 Mwana_Kibirizi

Hapo umegusa penyewe kaka, na sitaki kukupaka mafuta. Ni kweli 3GPP ilianzishwa Desemba 1998 na mpaka leo hakuna shirika la viwango la Afrika kati ya hao saba. Kampuni ya Kiafrika inaweza kuingia kwa kujiunga na mmojawapo, kwa mfano ETSI inapokea wanachama toka nje ya Ulaya, ila unaingia kupitia mlango wa jirani. Na mle ndani hoja haipiti kwa kulalamika, inapita kwa makaratasi. Unaleta andiko lenye vipimo, unasema nimepima hapa nimepata hivi napendekeza hivi. Kampuni kubwa za vifaa zinatuma mainjinia wengi kila mkutano na kila mmoja ana andiko. Asiye na andiko anakaa anasikiliza.

Ndo maana zile biti sita zinaniuma. Sio kwamba kuna mtu aliwachukia watu wa ziwani, hapana. Hakuwepo mtu mwenye karatasi iliyoandikwa maji yetu yana upana huu.

#12 Mwanafunzi_Tabora

Nichomekee hapo, kwa sababu kuna sehemu Afrika imeshinda tena kwa kishindo na watu hawaijui.

ITU ina mkutano wa masafa unaoitwa WRC, kila miaka mitatu minne hivi. 2019 ulikuwa Sharm el-Sheikh Misri, 2023 Dubai, 2027 utakuwa Shanghai. Pale nchi ndo zinaingia, zinajadiliana mpaka usiku wa manane kugawa masafa, hili la tv, hili la simu, hili la ndege, hili la satelaiti. Dunia imegawanywa kanda tatu, sisi tuko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya na nchi za Kiarabu. Sasa mwaka 2012 Geneva, nchi za Afrika na za Kiarabu zikaja na hoja haikuwepo kwenye ajenda. Zikasema tunataka masafa ya kuanzia megahezi 694 mpaka 790 yapewe simu sio tv peke yake. Ulaya haikuwa imejiandaa kwa hilo, tv zao zilikuwa zimejaa humo. Afrika ikakaza. Ikapita, utekelezaji ukaanza baada ya mkutano wa 2015.

Kwanini ni kubwa? Masafa ya chini yanakwenda mbali. Mnara wa masafa ya 700 unafunika eneo kubwa kuliko wa 1800 au 2600 kwa nguvu ileile, kwahiyo kijiji cha ndani Sikonge au Uvinza kinafunikwa kwa minara michache. Kwa nchi yetu iliyotawanyika hivi hayo ndo masafa ya dhahabu. Na kuyapata kulitegemea tv zihame kutoka analojia kwenda dijitali, ndo maana mnakumbuka Dar mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012 watu wakakimbilia ving'amuzi. Makubaliano yake yalisainiwa Geneva 2006 na mwisho ulikuwa Juni 2015. Sisi tuliwahi.

Walishindaje? Walikutana kwanza. Kuna Umoja wa Mawasiliano Afrika, ATU, ofisi zake Nairobi, ulianza 1977 kwa jina lingine ukawa ATU mwaka 1999. Nchi zinakaa pale zinatengeneza msimamo mmoja, zinaenda WRC zinaongea kwa sauti moja. Nchi moja ikiongea peke yake inapita kama upepo.

#13 Fundi_Faiba

Huyu dogo apewe digrii yake sasa hivi.

#14 Mwana_Kibirizi

Mama_Migebuka, samahani nimechelewa, nimerudi kwako.

Laini yako ina namba ya siri ndani, sio ile unayompa mtu. Tarakimu tatu za mwanzo ni nchi, Tanzania ni 640, Burundi 642, Congo 630. Hizo zimegawiwa na ITU. Simu ikiwaka inatafuta kwanza mnara wenye 640 ya kampuni yako. Ikiukosa au ukiwa dhaifu sana inachukua wa jirani kama kampuni yako ina mkataba nao, hapo ndo unakaribishwa nchi nyingine na bei inabadilika. Kagunga imebanwa na milima nyuma, mnara wa kwetu ukifichwa na kilima wa jirani unaokuja kupitia juu ya maji unashinda. Wewe hujavuka mpaka, mawimbi ndo yamevuka.

Geneva wanahusika vipi? Kanuni za Redio za ITU zinasema nchi isisumbue masafa ya mwenzake na ikitaka kujenga karibu na mpaka ziongee. Wameandika mpaka mahesabu ya jinsi mawimbi yanavyosafiri, kuna pendekezo linaitwa P.1546, mchoro wa nchi kavu ni mbali na mchoro wa juu ya maji, tena maji ya baridi na maji ya moto kila moja na wake. Kwa Afrika wakatengeneza na utaratibu maalum wa hesabu za mipakani unaitwa HCM4A, nchi mbili zinakubaliana kiwango cha mawimbi kinachoruhusiwa kufika mpakani. Ila ITU haina polisi. Haiji kuzima mnara wa mtu. Ni nchi na nchi, mdhibiti wa huku na mdhibiti wa kule, na makampuni yafuate. Kwenye ziwa lenye nchi nne kuzunguka, Tanzania, Burundi, Congo na Zambia, hayo mazungumzo ni mengi.

Cha kufanya leo hii ukifika Kagunga, ingia setingi za simu, sehemu ya kuchagua mtandao, toa otomatiki chagua mwenyewe kampuni yako ya Tanzania. Zima na data ya romingi. Ikikosa mtandao itakosa kabisa lakini haitakula salio. Na ukikatwa tena piga picha ya ile meseji ya kukaribishwa, andika saa na ulipokuwa, peleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, wasipojibu peleka TCRA. Maneno ya mdomo yanapotea.

#15 Mama_Migebuka

Nimefanya sasa hivi nikiwa hapa mjini kujifunza, nimeona orodha ya mitandao. Asante sana kaka yangu. Nitawaonyesha na wenzangu wa sokoni, tupo wengi tunaoliwa.

Ila na mimi niseme langu. Mnasema andiko, vipimo, hoja. Sisi akina mama tunaokaa kwenye boti tukifuata samaki tunajua kila sehemu simu inapokufa. Kuanzia Mwamgongo kwenda juu, kuna kona ukiipita hupati kitu, tunajuana kabisa tunaambiana piga sasa hivi. Hiyo mbona hakuna mtu aliyewahi kuja kutuuliza?

#16 Mwana_Kibirizi

Dada umenifungua kichwa. Nilikuwa nafikiria vipimo ni mpaka mtu aje na gari lenye mitambo.

#17 Mwanafunzi_Tabora

Na kweli sio lazima. Simu ya kawaida ya Android ina programu za bure zinazoonyesha uko mnara gani, nguvu ya mawimbi, na ile hatua ya 0 mpaka 63 yenyewe kwa baadhi ya simu. Ukiwasha na GPS unapata ramani. Vyuo navyo siku hizi vinaruhusiwa kujiunga ITU, mlango huo umefunguliwa tangu 2011. Hata kama chuo hakijajiunga, mdhibiti wa nchi ndo anayepeleka andiko kwa jina la Tanzania, na kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, upo kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo biashara haifiki. Ziwani ndo sehemu hiyo. Ukiwapelekea ramani yenye namba ni tofauti na kuwapelekea kilio.

Mimi natafuta mada ya utafiti wa mwisho, kusema kweli. Naomba kuja.

#18 Mzee_wa_Posta

Ongezeni kipimo cha redio ya VHF, chaneli 16, megahezi 156.8. Hiyo ndiyo ya kuitia msaada majini dunia nzima, iko kwenye Kanuni za Redio. Boti ya mizigo yenye watu 11 ingekuwa nayo, na pwani kukawa na mtu anayesikiliza, wasingelala majini. Simu ya mkononi haikutungwa kwa kazi hiyo. Pimeni inasikika mpaka wapi toka Bangwe, mwandike.

#19 Mwana_Kibirizi

Mzee wangu naandika.

Basi iwe hivi wakuu. Dogo ameongea na nahodha wake amekubali tupande bila nauli. Nitakuwa na simu nne, mbili za batani za 2G na mbili za kawaida, laini za makampuni yote, GPS, na daftari kwa sababu siziamini betri. Kila kilomita tano tunapiga simu moja, tunatuma meseji moja, tunaandika vijiti, hatua, saa, kama imeita au imegoma. Tukifika 30 tunapima kila kilomita moja mpaka 45. Nataka nione kwa macho yangu pale 35. Mama_Migebuka naomba wewe na wenzako mniandikie zile kona zenu zote za kuanzia Mwamgongo hadi Kagunga, hata kwa majina ya kienyeji, mimi nitaziweka kwenye ramani.

#20 Msomaji_Kasulu

Mimi nilibisha sana humu lakini nina redio mbili za VHF za mkononi, nilizinunua kwa mtu aliyekuwa anafanya kazi kwenye shirika kule kambini. Zinashika hiyo chaneli namba 16 aliyoitaja Mzee. Moja akae nayo mtu Bangwe, nyingine iende na boti. Nakuja nazo, naondoka Kasulu asubuhi na gari la kwanza.

#21 Mwana_Kibirizi

Karibu sana kaka. Boti inaondoka Kibirizi saa kumi na mbili jioni Alhamisi, uwe umefika saa kumi ili tuzichaji na tuzijaribu kwanza pale ufukweni. Njoo na sweta, usiku ziwani kuna baridi.